Spika zangu zinasema "shhh" usiku, na fundi anataka laki na nusu

SWALI

Mshauri, habari za kazi. Mimi ni muuguzi, naishi Morogoro. Nikiwa zamu ya mchana narudi nyumbani saa nne usiku, watoto wamelala, mtaa umetulia. Hapo ndipo napata nafasi ya kuweka taarabu kwa sauti ya chini, nakunywa chai, kisha nalala.

Muziki wetu ni amplifaya ya mtumba kutoka Japani, ya wati 60 kila upande. Ni ya volti 100, kwa hiyo tunaitumia na ile transfoma ya kushusha umeme. Miaka yote haijatusumbua. Tangu Juni nasikia "shhh" kwenye spika, kama maji yanayomwagika chumba cha pili. Nikisimamisha wimbo ipo. Nikishusha sauti mpaka mwisho bado ipo, haipungui wala haiongezeki. Inatoka spika zote mbili, na inatoka juu kwenye honi, si kwenye besi. Nikizima amplifaya inakata. Naisikia nikiwa kwenye kochi, kama mita mbili na nusu hivi, na siku hizi za baridi hatuwashi feni, ndiyo inanikera zaidi.

Mume wangu, ambaye amenizidi miaka kumi na mbili, anasema hasikii kitu. Nilimwambia aweke sikio kwenye honi, akasema "labda kidogo." Shemeji anasema ni ethi, nyumba yetu haina ethi nzuri. Fundi alikuja, akafungua, akamulika na tochi, akasema kapasita zimekauka na transista za kutolea sauti zimechoka, zibadilishwe zote, shilingi 150,000.

Nisisahau: mwezi wa tano tulibadilisha spika. Zile ndogo za kuweka kwenye rafu tuliwapa watoto, tukanunua mbili kubwa zilizokuwa kwenye ukumbi wa sherehe, besi ya inchi 12 na honi juu yake. Nyuma zimeandikwa 98 dB, zile ndogo zimeandikwa 86 dB. Sijui kama inahusu.

Jingine dogo. Simu naiunganisha kwa kidude cha Bluetooth kinachokula umeme wa chaja. Hicho kina vijimlio vyake, "tiki-tiki, wiii", hasa simu inapotafuta wimbo. Na kaseti za marehemu baba nazo zina shhh yao. Niwe nabonyeza Dolby?

Nitoe hiyo laki na nusu au nisitoe?

Asiyelala, Morogoro

JIBU

Dada Asiyelala, usitoe. Angalau si kwa ugonjwa ulionieleza.

Umeniandikia barua ndefu na jibu lako liko kwenye sentensi uliyotaka kuisahau, ile ya 98 na 86. Lakini tuanze na lile jaribio ulilolifanya mwenyewe bila kujua kwamba ni jaribio: ulishusha sauti mpaka mwisho na shhh ikabaki vilevile.

Ndani ya amplifaya kama yako sauti inapita vituo kadhaa. Inaingia kutoka kwenye simu au kaseti, inapita kwenye swichi ya kuchagua, inafika kwenye nobu ya sauti, halafu inaingia sehemu ya mwisho inayoikuza ili iweze kusukuma spika. Kelele inayozaliwa kabla ya nobu hupanda na kushuka pamoja na nobu. Inayozaliwa baada ya nobu haiijui nobu kabisa. Yako haijui nobu. Kwa hiyo simu haihusiki, kaseti haihusiki, waya za kuingizia sauti hazihusiki, na mtu akikuuzia waya za bei mbaya "za kuondoa kelele" mwambie asante. Tumebaki na sehemu ya mwisho ya amplifaya na spika.

Spika yenyewe haiwezi kutengeneza shhh. Ni sumaku, koili na karatasi, haina chochote cha kuvumisha mpaka iletewe umeme. Kelele basi inatoka kwenye amplifaya, na hapo fundi wako hakukosea. Alipokosea ni kudhani kwamba amplifaya inayotoa kelele imeharibika.

Kila amplifaya duniani inatoa shhh. Ndani ya kila rizista, kile kijidude kinachozuia umeme, elektroni hazitulii, zinatikisika kwa sababu ya joto, na mtikisiko huo ni umeme mdogo usio na mpangilio. John Johnson aliupima katika maabara za Bell, Marekani, na mwenzake Harry Nyquist akaeleza hesabu yake. Kazi zao zote mbili zilichapishwa 1928, na hakuna kiwanda kilichoishinda hesabu ile tangu hapo. Kelele inategemea joto linalohesabiwa kutoka sifuri halisi, ile ya nyuzi 273 chini ya sifuri yetu, ndiyo maana hata ukiiweka amplifaya yako ndani ya friji utapunguza kiasi cha theluthi ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti, ile dB ya nyuma ya spika zako), ambayo sikio la mtu halitaitambua. Watengenezaji wanachoweza ni kuchagua rizista na transista vizuri na kutokuza kupita inavyohitajika. Wa Japani wa zamani wengi walijitahidi kwa hilo.

Sasa ile namba ya nyuma ya spika. 86 dB maana yake ni kwamba ukiipa spika volti 2.83, ukasimama mita moja mbele yake, utapata sauti ya desibeli 86. Ile ya ukumbini kwa umeme uleule inatoa 98. Tofauti ya desibeli 12 inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kwa nguvu ni mara 16: spika zako ndogo zingehitaji wati 16 kufanya kazi ambayo hizi kubwa zinaifanya kwa wati moja. Ndiyo sababu muziki ulipanda siku mliyozileta na mkafurahi. Tatizo ni kwamba spika haichagui cha kukuza. Taarabu ilipanda desibeli 12 na shhh ikapanda desibeli 12. Wewe ukashusha nobu ili taarabu irudi kwenye kiwango cha usiku. Shhh haina nobu, ikabaki juu.

Tuweke namba, maana wewe ni mtu wa vipimo. Chukua amplifaya nzima ya zamani inayovujisha kelele ya milivolti moja kwenye spika, kiwango ambacho si cha aibu. Kwenye spika ya 86 hiyo inakuwa desibeli 17 hivi kwa mita moja. Sebule iliyotulia usiku wa manane yenyewe ina kama 25 mpaka 30, kwa hiyo 17 inazama, huisikii mpaka ubandike sikio. Kwenye spika ya 98 milivolti ileile inakuwa 29. Hiyo inafika kwenye kochi, na inafika kwa sauti nyembamba ambazo sikio limeumbwa kuzinasa. Ni kama mtu anayenong'ona akashikishwa kipaza sauti cha msikitini: mnong'ono ulikuwepo siku zote.

Kwa nini Juni na si Mei? Umejibu mwenyewe, mmezima feni. Feni ikizunguka inafika desibeli 40 na kuendelea, na mvumo wake unaifunika shhh kabisa. Amplifaya haikuugua Juni. Baridi ya Uluguru ndiyo iliyoshuka.

Mume wako usigombane naye. Umri unakula sauti nyembamba kwanza, na kwa wanaume kawaida hutangulia. Wewe kazini kwako unalijua hili kuliko mimi. Anaweza kusikia besi yote na maneno yote ya wimbo, na ile shhh kwake isiwepo. Na usipakue programu ya kupima kelele kwenye simu ili umthibitishie. Maiki ya simu ina kelele yake yenyewe, na kwa sauti ndogo hivi itakuwa inajipima yenyewe.

Kabla hujaniamini, fanya jambo moja ambalo ni bure. Zima amplifaya, wachukulie watoto spika zao kwa usiku mmoja, zifunge pale pale, washa, kaa kwenye kochi. Nategemea utasikia kimya. Ukikaribia kwa shubiri moja utaisikia shhh ikiwa ndogo, na hiyo ni haki ya amplifaya yoyote. Kama kutoka kwenye kochi shhh itabaki na ukali uleule hata kwenye spika ndogo, basi nimekosea mimi na amplifaya ina la kusema, ipeleke kwa fundi. Lakini angalia hili pia: inatoka pande zote mbili sawasawa. Transista zikichoka huchoka upande mmoja, nazo huongeza mikwaruzo, "paa, chrrr", mara ipo mara haipo, ikipata moto inabadilika. Pande mbili kuugua mwezi mmoja kwa kipimo kimoja, sijaliona mara nyingi.

Kuhusu kapasita. Zile kubwa za umeme zikikauka kelele yake si shhh. Ni mngurumo mnene, "mmmm", kwa sababu umeme wetu unapigapiga mara 50 kwa sekunde na ukishabadilishwa kuwa wa betri mawimbi yanakuwa 100. Kapasita chakavu zinayaachia yapite. Mngurumo huo ungeusikia kwenye besi ya inchi 12, nawe umesema besi iko kimya. Fundi aliyemulika tochi bila kupima kwa mita, bila hata kukuuliza umebadilisha nini nyumbani, ameuza kabla ya kutafuta. Siku amplifaya itakapoanza kunguruma, kazi hiyo ya kapasita itakuwa ya haki na italipiwa.

Shemeji naye amechanganya magonjwa. Ethi mbaya na mizunguko ya waya huleta mngurumo pia, ule wa mara 50 kwa sekunde, haileti shhh. Lakini kwa kuwa ameligusa: amplifaya za Japani mara nyingi zina plagi ya pini mbili, na najua tabia ya nyumba zetu ya kuchomeka kalamu au kijiti kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili iingie. Kama transfoma yenu imechomekwa kwa mtindo huo, nunua adapta kesho, na kama kuna mtu amekata pini ya ethi ya kifaa chochote ili "kuondoa kelele", irudishwe. Kelele haijaua mtu.

Haya, tufanyeje?

Njia ya kwanza hutaipenda. Rudisha spika ndogo sebuleni. Spika za ukumbini zimetengenezwa kujaza watu mia tatu wanaocheza, na kwa chai ya saa nne usiku spika za rafu zinatosha na kubaki. Zile kubwa zitolewe kwenye sikukuu. Nimesema hutaipenda kwa sababu mtu aliyekwisha kusikia besi ya inchi 12 harudi nyuma kirahisi.

Njia ya pili ndiyo ningeifanya mimi. Shhh inatoka kwenye honi, basi tuipunguzie honi peke yake. Rizista mbili kwa kila spika: moja ya ohmu 3.9 inakaa kwenye njia, kati ya honi na ile saketi inayogawa sauti nyembamba na besi, na nyingine ya ohmu 8.2 inafungwa sambamba na honi, kutoka chanya kwenda hasi. Kwa honi ya ohmu 8 hiyo inashusha kama desibeli 6. Chukua zile nyeupe za saruji za wati 10, dukani ni za bei ndogo, na kazi ya fundi redio mwenye mkono mzuri wa kuchomea haizidi saa moja kwa spika zote. Amplifaya haiguswi kabisa. Rizista ziwe baada ya saketi ya kugawa, upande wa honi, si kwenye waya mkuu unaotoka kwenye amplifaya, la sivyo utapunguza na besi.

Fundi apime honi kwanza. Mita ikisoma ohmu 6 hivi, ni honi ya koili na hesabu hii inakaa. Isiposoma kitu, huenda koili imekatika, lakini kwa kuwa zako zote mbili zinatoa shhh nina wasiwasi zaidi kwamba ni zile za piezo, zisizo na koili. Hizo ni mnyama mwingine, rizista zake hazihesabiwi hivi, niandikie tena kabla hujachomea.

Utaniuliza kama muziki hautapoa. Utapoa juu kidogo, ndiyo, maana rizista zinapunguza shhh na matari kwa pamoja. Lakini honi za ukumbini huwekwa kali makusudi ili sauti ifike mlango wa nyuma. Kwa mita mbili na nusu zinachoma. Sitashangaa ukisikia sauti ya mwimbaji imekaa mahali pake kwa mara ya kwanza tangu Mei. Na ukiona umepitiliza, ongeza treble kidogo kwenye amplifaya.

Huenda umejiuliza kwa nini usipunguze tu hiyo treble na kuacha rizista. Umeshagundua nadhani: nobu ya treble iko kabla ya sehemu ya mwisho, pale shhh inapozaliwa. Ukiipunguza utaua matari na shhh itabaki inakutazama. Kwenye baadhi ya amplifaya saketi za treble na besi zina kelele yake zenyewe, kwa hiyo kama yako ina kitufe cha kuziruka, kibonyeze usikilize kama kuna nafuu. Ni jaribio la sekunde tano.

Kidude cha Bluetooth ni kesi nyingine kabisa, nafurahi uliitenganisha. Vile vijimlio vya "tiki-tiki, wiii" ni kazi ya kidijitali ndani ya kidude na chaja, inayopenya kwenye waya wa sauti kupitia waya wa chini ambao vyote vinautumia kwa pamoja. Kichomoe kwenye chaja, kiwashe kwa pawa benki, usikilize. Vijimlio vikikata, mkosaji ni chaja au njia ya umeme wake, na unaweza kuendelea na pawa benki au ukajaribu chaja bora. Visipokata, kidude chenyewe ni dhaifu, na bei yake haistahili fundi. Halafu kitu ambacho watu wengi hawafanyi: pandisha sauti ya simu karibu na mwisho na ushushe nobu ya amplifaya. Ukiacha simu nusu halafu ukapandisha amplifaya, unakuza kelele ya kidude pamoja na wimbo.

Kaseti za baba sasa. Shhh yake iko kwenye utepe wenyewe, imo ndani ya rekodi, hakuna rizista itakayoitoa. Dolby B ilikuja 1968 kwa ajili ya hiyo shhh, na inaipunguza kwa kama desibeli 10, ila kwa sharti moja: kaseti iwe imerekodiwa Dolby ikiwa imewashwa. Wakati wa kurekodi inainua sauti nyembamba zilizo dhaifu, wakati wa kucheza inazishusha pamoja na shhh. Kaseti ambayo haikuinuliwa ukiibonyezea Dolby inashushwa tu, na taarabu inakuwa kama imefunikwa shuka. Angalia lebo za baba: kama aliandika Dolby au aliweka alama, bonyeza. Kama hakuandika kitu, hasa zile zilizonakiliwa kutoka redioni, ziache zilivyo, na safisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti. Kichwa kichafu kinameza sauti nyembamba za wimbo, mtu anapandisha treble kufidia, na shhh ya utepe inapanda nayo.